Wategemezi Waletwe Wenyewe

Ijulikane kwa watu wote, wenye ofisi na wenye kibanda, kwamba kila anayepata chochote anatakiwa kujaza ritani ya kodi ya mapato kabla mwezi haujaisha!

Maneno hayo mazito niliyatamka nikiwa na povu sikioni na nusu kichwa kimenyolewa, wala sikuwa na hakika na hata neno moja.

Kinyozi, mpangaji wetu wa chumba cha mbele, alizima mashine. Matangazo ya redio yalikuwa yamemtia wasiwasi tangu asubuhi.

"Hata mimi, msomi? Kiti kimoja?"

"Mjomba, sheria haihesabu viti." Bweni la shule, nilikotoka likizo hiyo, limenifundisha kusema mambo kama hayo bila kucheka. "Una wategemezi?"

"Mama tu."

Mama yake aliishi nyuma ya pazia, hatua chache kutoka kwenye kiti. Kiharusi kilimpinda mdomo, naye akamwapisha mwanawe kwamba jicho la mgeni halitamwona hivyo. Wateja walijua mlio wa kikombe chake tu. Nilikuwa na kisa na Kinyozi: alinichongea nyumbani kuhusu sigara.

"Mtegemezi haandikwi tu," nikasema. "Anapelekwa akaonekane. Watu wamezidi kuandika mama waliokwisha kuzikwa."

"Lazima?"

"Ukikataa unahesabiwa mwongo, na mwongo anafungiwa duka."

Nyuma ya pazia, kikombe kikanyamaza.

Kesho yake Kinyozi alimbeba mama yake mgongoni, uso umefunikwa shuka. Nikawafuata, nikajibanza nyuma ya nguzo ya ofisi ya kodi. Mzaha mzuri haukosi mtazamaji.

"Huyu naye?" karani akauliza dirishani.

"Mtegemezi wangu. Nimeambiwa aonekane."

Karani alimuuliza anapata kiasi gani, akaangua kicheko. "Baba, kwa kipato hiki hutakiwi kujaza chochote! Hujafika hata mlangoni mwa kiwango. Na nani kakwambia ubebe mama wa watu kama gunia la mkaa?"

Foleni nzima ikalipuka. Shuka likateleza. Mdomo uliopinda ukabaki wazi mbele ya kila mtu, udenda ukitiririka. Nami nikacheka hadi nikashika mbavu. Kinyozi alimfuta mama yake kwa taulo lake la kazi, akageuka, akaondoka naye.

Jioni alinigongea.

"Njoo umwambie mama kuwa ni karani ndiye asiyejua sheria. Amekataa kula. Anasema nimemchoka, nimempeleka wamcheke."

Nilivuka pazia kwa mara ya kwanza. Uji ulikuwa umeganda kwenye bakuli.

"Shikamoo, Bibi. Kwa kweli, kwa mujibu wa sheria..."

"Cheka," akasema. Neno lilitoka limepondeka, lakini nililisikia.

"Bibi?"

"Cheka kidogo. Kicheko cha kwenye foleni... nakisikia kila siku hapo kwenye kiti."

Kinyozi alinitazama. Nikayaacha maneno ya kisomi.

"Ni mimi, Bibi. Hakuna sheria kama hiyo. Nilimdanganya ili akuaibishe, nikaenda kuangalia."

Kinyozi hakunipiga. Alichukua kijiko, akakisogeza mdomoni mwa mama yake. Mdomo haukufunguka.

"Sema tena," akaniambia. "Mpaka ale."

Nikasema tena.