Mlango wa Sita

Saa mbili na robo asubuhi, mpokezi alipanga mezani vitabu vitano vya wageni, kila kimoja na rangi yake, akachemsha maji ya chai. Nje kulikuwa na milango mitano yenye vibao vya kampuni tano, kila moja ikijigamba kwamba programu yake ya simu haina mpinzani: mgonjwa anaandika jina la dawa, anaonyeshwa duka lenye dawa hiyo. Ndani, milango yote mitano ilifungukia mbele ya meza yake moja. Ilianza siku Kampuni Kubwa, ile ya mlango wa kwanza, iliponunua ya pili, kisha zote zilizobaki, na hakuna aliyelivalia njuga jambo hilo. Mfagizi alishukuru tu kwamba kazi imepungua.

Siku hiyo kiti hakikukalika. Mkaguzi wa tume ya ushindani wa biashara alikuwa anakuja, na mdogo wake mpokezi ndiye aliyekuwa na kampuni ya sita, mtaa wa pili, ambayo Kampuni Kubwa iliitaka kwa hiari au kwa hila. Simu zenyewe nazo zilitengenezwa na Kampuni Kubwa, kwa hiyo aliyetafuta programu ya kijana huyo aliletewa za kwao. Yake tu ndiyo iliyobaki ikionyesha hata viduka vya vichochoroni, kwenye dawa za bei nafuu.

"Dada, mkaguzi akiandika kwamba hizo tano ni moja, hawataruhusiwa kuninunua," alikuwa amempigia simu asubuhi hiyo. "Asipoandika, nimekwisha."

Mkaguzi, mtu mzima mpole, aliingia kwa mlango wa kwanza, akasaini kitabu chekundu, akapewa chai. Akanywa mafunda mawili, akaaga, akatoka. Akaingia kwa mlango wa pili, akasalimia upya, akasaini kitabu cha kijani, akakuta kikombe chake palepale alipokiacha. Alipofika kampuni ya nne alilalamika kidogo kwamba chai ya hapa imepoa, kule kampuni ya kwanza wanajua kupokea wageni. Mpokezi aliomba radhi. Vidole vyake havikuacha kugonga meza.

Alipoingia kwa mlango wa tano, maji yalikuwa yamemfika mpokezi shingoni.

"Mzee wangu, si umeona ni mimi yuleyule?"

"Nimeona, mwanangu. Hata kikombe nimekitambua." Akamgeuzia fomu aisome. "Lakini hapa wanauliza milango. Ni mingapi, na kila mmoja una kibao chake? Mpokezi hajaulizwa."

"Basi andika hata pembeni."

"Pembeni hapasomwi. Nimeshawahi kuandika."

Akamalizia chai, akaandika tano, ushindani mzuri. Mpokezi alipandwa na hasira na aibu kwa pamoja, akavifunga vitabu kimoja kimoja, maana ndiyo kazi yake.

Wiki ya tatu baada ya ukaguzi, kijana alisukuma mlango wa ofisi yake, mtaa wa pili, begi mgongoni na ufunguo ungali mkononi, akatokea mbele ya meza ya dada yake. Alitazama kushoto na kulia akitafuta meza zake.

"Shikamoo, dada. Nilisaini kuwauzia jana jioni. Walikuwa wamebaki watumiaji kumi na mmoja, na mmoja wao ni mama."

"Marahaba."

Mpokezi alitamani kumkumbatia, lakini meza ilikuwa katikati. Akachukua kitabu cha sita, cha kahawia, kilicholetwa wiki mbili kabla, akakifungua ukurasa wa kwanza. "Jiandikishe, mdogo wangu."

Penye "Unakuja kumwona nani", kijana aliandika jina lake mwenyewe. Mpokezi akapiga simu ndani, akaambiwa hakuna mtu kama huyo. Akapiga tena, akajibiwa vilevile.

"Kaa hapo kwenye benchi. Nitawajaribu baadaye."

Hata hajakaa vizuri, mlango wa sita ukafunguka nyuma yake, akaingia mkaguzi na fomu mpya. Akasaini kitabu cha kahawia, akawapongeza wote wawili: mwezi uliopita milango ilikuwa mitano, sasa ni sita, ushindani unakua. Kijana akasogea ili mzee apate pa kukaa, na mpokezi akauliza sukari vijiko vingapi.