Mkebe wa Watu Sita

Kikohozi cha Rehma kilikuwa na miaka minne, na karai lake la mgongo wazi lilikuwa na tisa. Kila siku pale soko la Otonglo alikaanga kwa kuni yale mabaki ya mbuta, samaki wa ziwani, ambayo viwanda vimeshayaondoa minofu. Mwaka huo wa 1994, Zeituni, jirani yake wa karai, akamnong'oneza mteja mmoja kwamba kile kikohozi ni TB. Mmoja alitosha. Kufikia Ijumaa wateja walimpita Rehma wameziba pua, na nyumbani, alikozoea kumiminia watu kumi chai, alimimina kikombe kimoja.

Watafiti wa mapafu walipofika kwenye zahanati, Rehma akawa wa kwanza. Khaemba wa maabara akamtoa damu, kisha akampa mkebe wenye mstari wa kuonyesha ujazwe hadi wapi.

"Kesho asubuhi, mama, kabla hujala. Makohozi ya kifuani, si mate. Nitatafuta TB, na zile chembe za damu zinazojazana kifua kikiwa na uvimbe."

"Na kama TB hakuna?"

"Nakuandikia barua. Bandika hata kwa karai."

Asubuhi, kifua kikanyamaza. Rehma alirukaruka, akanusa pilipili, akapata matone mawili. Akaenda sokoni na mkebe wake. Dorca, rafiki yake, akachungulia.

"Wewe! Umepewa chombo cha watu, unarudisha kitupu?"

Dorca akakohoa, akatemea mkebeni. Selpha, mkaangaji mwenzao, naye. Otonglo watu walichangia matanga, wakachangia harusi. Hakuna aliyeona ajabu. Mkebe ukazunguka kwa wakaangaji wote sita, ukaishia kwa Zeituni, ambaye hangekubali kuitwa mchoyo mbele ya watu. Alikohoa kutoka kwenye visigino. Mkebe ukapita mstari.

"Usiseme sikukusaidia," akasema akijipangusa mdomo.

Wiki iliyofuata Khaemba alikuja sokoni mwenyewe.

"Mama Rehma, TB sikuona. Lakini hizo chembe! Nimehesabu mpaka nikachoka. Na damu yako inaonyesha uvimbe kidogo tu. Havilingani. Mtu mmoja hawezi kuwa na kifua kama hiki."

"Si mmoja," akasema Rehma. "Tulichanga."

Khaemba akatazama makarai sita na moshi wake. Zeituni akageuza samaki aliyekuwa ameshageuzwa.

"Basi barua siandiki. Nitaandika ya nani? Kila mtu atachukua mkebe wake. Atakayekataa, watu watajua tu kwa nini."

Wateja watatu walikuwa wakisikiliza. Hakuna aliyekataa.

Majibu yalikuja sita. TB hakuna hata kwa mmoja. Chembe za uvimbe kwa wote, na chanzo, Khaemba alisema, ni moshi. Waweke bomba la mabati juu ya meko, na anayeweza akae mbali na kuni. Kwa wingi wa chembe, Zeituni ndiye aliyeongoza, na kwa mbali sana.

Safari hii kila mtu aliandikiwa barua, na Rehma alibandika yake kwa karai. Jumapili nyumba ilijaa, wengine wakakalia ndoo, wakibishana nani ana fundi wa mabati. Zeituni akaingia wa mwisho, na mlangoni kikohozi kikamshika. Nyumba nzima ikageuka. Mtu mmoja akavuta kikombe chake karibu.

Rehma akamwacha kwanza amalize kukohoa, bila haraka yoyote.

"Ni moshi," akasema kwa sauti ya soko. "Sogeeni, akae."

Akammiminia chai.