Kesi ya Bondia

Mimi ni fundi cherehani, na jicho langu halidanganyiki kirahisi. Mteja akiingia tu mlangoni najua kiuno chake kabla sijagusa futi. Kwa hiyo niliposema kuku wa baba mkwe ni jogoo, nilitegemea watu waniamini, wanyamaze, nami nirudi kwenye suruali zangu.

"Huyu ni mtetea," baba mkwe akasema bila hata kugeuka.

"Baba, tazama hicho kilemba! Tazama miguu! Juzi kamfukuza paka mpaka juu ya ukuta."

"Mke wangu naye alikuwa anafukuza paka."

Ubishi wetu ulikuwa hivyo tangu kifaranga kilipoota manyoya. Mimi nilimwita Bondia, yeye alimwita Binti, na kuku mwenyewe aliitika majina yote mawili, mradi mkononi mwako mna punje za mahindi.

Lakini haikuwa mchezo. Mama mkwe alipohamia kwetu na mumewe ili atibiwe, alikataa kumwacha kuku wake nyuma. Alimleta ndani ya kapu, kuku akiwa ameatamia mayai, na njia nzima alilipakata kapu lile magotini. Alikuwa na kizazi cha kuku hao tangu alipoolewa. Mayai yote yakaharibika isipokuwa moja, kuku mama akafa kwa ugonjwa, na Mama naye akaingia hospitali asitoke. Tukabaki na kifaranga kimoja na mzee asiyesema na mtu isipokuwa kifaranga hicho. Akiwa mtetea, kuku wa Mama wataendelea. Akiwa jogoo, basi tena, kwa sababu kuna Nesi.

Nesi ndiye mama mwenye nyumba wetu. Anafanya kazi zamu ya usiku na kulala mchana, na masharti yake ni mafupi: kuku ruksa, jogoo marufuku. Nyumba ya nyuma walikuwa na jogoo aliyewika bila kuangalia saa. Nesi alikwenda mwenyewe, akambeba kwapani na kumpeleka kwa dada yake. Sasa alikuwa ameona kilemba cha Bondia kupitia dirishani.

"Jumamosi nikitoka kazini nitakuja kumkagua," akasema. "Akiwa dume, aondoke siku hiyohiyo."

Ijumaa mume wangu, ambaye ni fundi wa redio na anaamini kila kitu kina waya, alifunga pete yake kwenye uzi akaining'iniza juu ya mgongo wa kuku. Ikizunguka, mtetea. Ikienda mbele na nyuma, jogoo.

"Inazunguka!" akapiga kelele.

"Wewe ndiye unayeizungusha. Nipishe."

Nilikumbuka Mama aliwahi kuniambia niyatazame manyoya ya mgongoni, pale mkia unapoanzia: ya jogoo huchongoka, ya mtetea huwa na ncha ya mviringo. Nikamweka Bondia juu ya meza ya kukatia vitambaa, nikawasha taa ya cherehani, nikayafunua unyoya kwa unyoya. Mviringo. Huu nao mviringo. Safi kabisa, kama kola ya gauni la mtoto! Nikamtazama baba mkwe, nikataka kumwambia nimekosea, na raha ya kosa langu nikaiona usoni mwake kabla sijafungua mdomo.

Ndipo Bondia akanyoosha shingo, akatoa ukelele mmoja wa ajabu ulioitikisa mikasi mezani.

Baba mkwe alimchukua kuku wake taratibu akatoka naye nje. Nilikasirika, na sikujua nimkasirikie nani.

Jumamosi asubuhi Nesi akaingia na sare yake na viatu vyeupe, macho mekundu kwa usingizi. Baba mkwe alikuwa amevaa koti lake la kanisani, amesimama mbele ya banda kama wakili. Akafungua mlango wa banda. Halikuwa na kitu.

"Mmemficha," Nesi akasema.

"Hatujamficha!" nikafoka, maana kweli hatukuwa tumemficha. Tukamtafuta chini ya karo, nyuma ya pipa, juu ya ukuta. Mume wangu akapanda hata kwenye paa. Kisha ukatoka ukelele uleule, mara hii ndani ya chumba changu cha kushonea.

"Huyo! Anawika huyo!" Nesi akatangulia mbio.

Bondia alikuwa ameketi ndani ya kikapu changu cha vipande vya vitambaa, kilemba chekundu kuliko jana, akinitazama kwa jeuri. Nilinyoosha mkono kumtoa. Badala ya kunidonoa akajibonyeza chini, mabawa yamelegea, na vidole vyangu vikagusa kitu chenye joto kati ya kipande cha kanga na bitana ya koti la mteja.

"Yai!" nikapiga yowe. "Ametaga! Jamani, ametaga!"

Mume wangu karibu aanguke kutoka kwenye paa, akashuka akaja mbio ndani. Nesi alishika kifua akacheka, usingizi wote ukamruka. Kumbe kilemba kile na makelele yale ni yai lililokuwa njiani! Niliruka ruka na yai mkononi kama mwendawazimu, kisha nikapiga goti nikampa mwenyewe. Baba mkwe alilipokea kwa viganja viwili.

"Nilikwambia ni binti," akasema, na machozi yakamtoka bila kuyaficha. "Tutamwekea kapu lilelile. Akitaga yakatosha, ataatamia. Tutapata vifaranga vya mama yenu."

Nesi aliacha kucheka.

"Baba," akasema polepole, "jogoo yuko wapi?"

Mume wangu akanitazama. Nami nikamtazama kuku. Wiki nzima nyumba hii haikuomba kitu kingine isipokuwa jogoo asiwepo, na hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria zaidi ya hapo. Baba mkwe alikuwa bado ameshika yai lake, amelikinga na upepo wa dirishani, akisubiri tumjibu.

Nesi akafungua mkoba, akatoa simu.

"Haloo, dada. Yule jogoo niliyekuletea… mmeshamla?"

Akasikiliza, akaziba simu kwa kiganja.

"Anauliza tunamtaka lini."

"Leo," baba mkwe akasema.