Chuma Kikijaa

Katika mtaa wetu wa mafundi cherehani hakuna mwenye akili kama mimi. Nalisema hilo bila haya, maana haya sikuzaliwa nazo.

Wenzangu wana kawaida ya ajabu. Kila duka lina chuma kimoja cha kutundikia kazi zinazosubiri kushonwa. Chuma kikijaa, mteja mpya anapelekwa kwa jirani. Hakuna aliyeitisha mkutano. Fundi mmoja aliugua, wenzake wakagawana kazi zake. Alipopona akaona raha ya kula jioni na wanawe, nao wakaona hakuna aliyelala njaa. Basi, ikabaki hivyo.

"Sasa duka litakua lini?" nilimuuliza shangazi, mwenye duka.

"Wewe na ndevu hizo hujakua bado? Kapige pasi."

Nikapiga pasi, lakini moyoni nilikuwa na yangu. Shangazi akitoka kidogo, nawapokea wateja waliozidi, vitambaa vyao nasokomeza kwenye gunia chini ya meza. Jioni akienda zake, nafunga mlango, nashona. Nilijiona tajiri mtarajiwa.

Duka linalopakana na letu ni la Mama Vifungo, mjane mwenye mkono mwepesi wa kushona kuliko sisi sote. Chuma chake kikaanza kuwa na mapengo, mwishowe kikabaki kitupu.

"Mama, siku hizi unashona hewa?" nilimtania.

Alicheka. Heri angenitukana.

Leo asubuhi mkokoteni umesimama mlangoni kwake. Anahamia kwa binti yake, akalee wajukuu. Tukatoka kumsaidia, shangazi macho mekundu. Mimi na Mama Vifungo tukainua cherehani yake, yeye upande huu, mimi ule.

"Kazi zimekauka mtaani, mama," nikasema. "Hata sisi tunapiga miayo tu."

Akasimama.

"Mwanangu, mimi nalala nyuma ya duka. Ukuta wetu ni mmoja. Ninyi mkipiga miayo, mbona inalia kama cherehani mpaka nashindwa kulala?"

Shangazi alinitazama mimi, kisha akamgeukia yeye.

"Dada, mbona hukuniambia?"

"Nilidhani atashiba," akasema Mama Vifungo. "Inua basi, baba. Mwenye mkokoteni anasubiri."

Nikainua. Shangazi akashika upande wangu, akanisukuma pembeni kwa bega, wakaipakia wao wawili.