Gia ya Tano ya Mzee Kasimiri

Masolwa alikuwa fundi mzuri wa magari, na kasoro yake ni kwamba alilijua hilo kupita kiasi. Gereji yake ilikuwa Ng'ambo, hapo Tabora mjini, nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga, na mteja aliyekaa pale kwa muda wa kikombe kimoja cha chai aliondoka ameshasimuliwa kila injini ambayo fundi huyo amewahi kuifufua. Mkewe, Leonia, alizoea kusema kwamba mumewe akikosa mtu wa kumsifu, hujisifu mwenyewe mbele ya spana zake.

Aliyeweza kumfunga mdomo alikuwa mtu mmoja tu, baba mkwe wake, Mzee Kasimiri wa Gongoni. Si kwamba mzee alikuwa mkali. Ilikuwa ni heshima ya ukwe. Katika ukoo wa kina Leonia, mkwilima, yaani mume wa binti, na baba mkwe hawakai kiti kimoja, hawatazamani machoni, na habari za mwili hazipiti kati yao kabisa. Ukimwona mkweo anachechemea, hukuona. Kukiwa na jambo la lazima kuambiana, litapitia kwa mke, hata kama wote watatu mko chumba kimoja.

Mzee alikuwa na Peugeot 404 nyeupe, iliyozeeka pamoja naye, yenye gia nne na liva ya kubadilishia gia iliyochomoza ubavuni mwa usukani. Kwa gari hilo aliwapeleka binti zake kwa waume zao, akiendesha mwenyewe, suti imenyooka. Advera alifikishwa Igunga. Leonia aliolewa papo hapo mjini, safari ya kumung'unya pipi moja. Mzee akaona haifai, akamzungusha kwa njia ya Kwihara iliyopitwa na misafara ya zamani, ili binti yake naye ahesabike amesafiri. Sasa alikuwa amebaki Minza, kitindamimba, ambaye mchumba wake alikuwa mtu wa Nzega. Mzee alishatangaza mezani kwamba akimfikisha Minza kwa mkono wake atakuwa amemaliza kazi ya ubaba. Hakuna aliyelichukulia neno hilo kama mzaha.

Mzaha ulikuwa kwa gari. Barabara ya Nzega ni ya lami, malori yanakimbia, na ile 404 katika gia yake ya nne ilikuwa ikilia kama cherehani mpaka ndani hamsikiani. Mashemeji walitania kwamba gari la mzee litafika Nzega limeshashona suruali mbili njiani. Masolwa alicheka nao, lakini moyoni akapata wazo, na wazo lenyewe likamnyima usingizi kwa utamu.

Kulikuwa na pikapu ndogo iliyopinduka huko njia ya Igunga, mwili umekwisha, giaboksi nzima, ya gia tano. Gia ya tano haiongezi nguvu. Kazi yake ni kuipumzisha injini: gari linakwenda kasi ile ile huku injini ikizunguka taratibu, bila kelele. Masolwa aliona akimwekea mkwewe kitu hicho, mzee atampeleka binti Nzega kwa raha, na watu wote wa harusi watauliza ni fundi gani. Usimcheke, kuna mapenzi ndani yake pia, ila yalikuwa yamechanganyika na kutaka sifa, na ukishachanganya hivyo ni kazi kuvitenganisha.

Akamtuma Leonia kwamba anaomba alitazame gari kabla ya harusi. Jibu likarudi: "Mwambie asante, afanye anavyoona." Mzee alikuwa anafikiria oili na breki. Masolwa yeye akasikia ruhusa ya mapinduzi.

Kazi aliifanya kweli. Giaboksi mpya haikukubali injini ya zamani, akachonga sahani ya chuma ya kuziunganisha. Akafupisha shafti inayozungusha magurudumu ya nyuma pamoja na bomba lake. Akakata sakafu ili liva mpya itokee chini, kati ya dereva na abiria, akaivisha kitufe cheusi kinachong'aa. Ile liva ya zamani ya kwenye usukani aliing'oa. Ilikuwa na kipande cha mpira wa tyubu kilichofungwa kama kitanzi, kimelainika na kung'aa kwa kushikwashikwa. Masolwa akakunja uso. Uzee huu, alijisemea, mtu anafunga matambara hata kwenye gia. Akakikata kwa kisu, akakitupa. Giaboksi ya zamani akampa jirani yake Issa, ambaye huyeyusha aluminiamu na kufua sufuria. Ya nini tena?

Siku ya kumpeleka Minza, uwanja wa Gongoni ulijaa. Magari yamefungwa riboni, kina mama wanapiga vigelegele. Masolwa alileta gari limeoshwa, akalisimamisha mbele ya watu, na kwa kuwa hakuruhusiwa kumhutubia mkwe, akawahutubia wageni. Aliwaeleza gia ya tano mpaka mama mmoja akauliza kama hiyo ni sehemu ya sala. Kisha akafungua mlango wa dereva.

Mzee Kasimiri aliingia. Aliutazama usukani mahali liva ilipokuwa, halafu akatazama chini. Akawasha gari. Kisha mkono wake wa kulia ukauchukua mkono wa kushoto kutoka mapajani, kama unavyochukua kitu cha mtu mwingine, ukaupeleka kwenye kile kitufe kinachong'aa. Mkono ukateleza. Akaurudisha. Ukateleza tena.

"Kanyaga klachi, baba!" Masolwa alipaza sauti pale dirishani, furaha imemsahaulisha ukwe. "Sukuma mbele tu, nyepesi hiyo, hata mtoto anaweza!"

Wageni wengine wakacheka, wakidhani ni ugeni wa gari. Ndipo Masolwa alipoviona vile vidole, vimejikunja, havina habari. Alitamani ardhi immeze, naye angeshukuru.

Mzee alizima gari. "Chombo ni kipya kwangu," aliwaambia watu, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Leo mkwilima wangu ataendesha." Akashuka, akafungua mlango wa nyuma kwa mkono wa kulia, akakaa kando ya Minza. Hakuna mtu pale Gongoni aliyewahi kumwona kwenye kiti cha nyuma cha gari lake.

Walitoka Tabora, Masolwa kwenye usukani na Leonia pembeni yake, na mama mkwe nyuma pamoja na mzee na Minza. Walipofika kwenye lami nyoofu akaingiza gia ya tano, na kazi yake ikafanya vile vile alivyokusudia. Injini ikatulia. Ndani ya gari kukawa kimya kiasi kwamba alisikia shela la Minza likisugua kiti. Enzi za kelele, wakwe walikuwa wanaweza kusafiri pamoja bila kusikiana. Sasa hapakuwa na pa kujificha, na aliyepaondoa alikuwa yeye.

"Leonia," alisema Mama Eustadia, mama mkwe, kutoka nyuma. "Muulize mwenzako, kale kampira kalikokuwa kwenye gia kako wapi?"

Leonia akamgeukia mumewe. "Mama anauliza kampira ka kwenye gia kako wapi."

"Mwambie mama nilikakata. Nilidhani ni uchafu."

"Anasema alikakata, mama. Alidhani ni uchafu."

Mama Eustadia akasogeza kichwa mbele. "Basi mwambie ndio uliokuwa mkono wa baba yako. Masika yaliyopita tulipowaambia ana malaria, haikuwa malaria. Kilikuwa kiharusi. Anaingiza kiganja kwenye kale kampira, anavuta gia kwa bega. Kila asubuhi alikuwa anakaa humu gari limezimwa, anajifunza. Kwa ajili ya huyu hapa."

Minza alikuwa analia, na wanja umeanza kushuka.

"Eustadia," alisema mzee, "inatosha."

Leonia hakuyarudia maneno hayo ya mama yake. Masolwa alishika usukani na kutazama barabara. Alikumbuka kile kisu. Fundi anayejigamba kwamba gari humwambia kila kitu, gari likamwonyesha kitanzi kimelainishwa na ngozi ya mtu, naye akakunja uso.

Nzega walipokelewa kwa ngoma. Wenyeji walikuwa wameambiwa kwamba baba wa bibi harusi anakuja akiendesha mwenyewe, ndivyo afanyavyo, kwa hiyo kina mama walioandaliwa kumpokea walikimbilia mlango wa dereva. Kabla Masolwa hajafungua mdomo, kitenge kipya kimeshatua mabegani mwake, na wanamwimbia: baba umelea, baba umetufikishia. Alipiga kelele kwamba si yeye, lakini nani amsikie. Aligeuka akamwona Mzee Kasimiri nyuma yake bado anahangaika na mlango kwa mkono mmoja, amejipinda, suti imekunjamana, huku Minza akimsaidia kutoka.

Kosa liligunduliwa, watu wakaomba radhi kwa kicheko, kitenge kikahamishwa kwenda bega linalostahili. Mzee alikipokea kwa adabu. Kilikuwa kimeshalowa jasho la Masolwa.

Harusi ilipokwisha Masolwa alikimbilia kwa Issa kuulizia giaboksi ya zamani. Issa alimwonyesha sufuria zilizopangwa juani. "Nadhani ile pale, na hii hapa," alisema, "na mifuniko hiyo." Akamwambia achague moja ampelekee shemeji Leonia. Masolwa alirudi gerejini akakaa juu ya tairi, na wateja waliokuja hawakusimuliwa chochote.

Mwishowe akafanya ambalo mkwilima hafanyi. Alikwenda Gongoni peke yake.

"Leonia yuko wapi?" Mama Eustadia alishtuka mlangoni.

"Nimekuja mwenyewe, mama."

Akamtazama, kisha akamwekea kigoda barazani, mbele ya mzee aliyekuwa anamenya karanga kwa mkono mmoja, na kuwaachia nafasi. Mkono wa kushoto ulikuwa umefunikwa taulo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

"Baba, nilikuvua nguo mbele za watu. Nimekuja kuomba radhi kwa mdomo wangu mwenyewe, si kwa wa Leonia."

Mzee alimenya karanga moja, akaila. "Kweli," alisema, "ulinivua."

Masolwa alikuwa ametegemea kuambiwa si kitu. Aibu ikampanda upya, na maneno yakamtoka mbio. Ile giaboksi ya zamani imeshayeyushwa, hairudi. Lakini anaweza kuipandisha liva ya hii mpya mpaka kwenye usukani, atachonga vyuma vya kuivuta, itakaa ubavuni vile vile, na kitanzi atakifunga mwenyewe. Anachohitaji ni kujua mkono unafika wapi. Akatoa tepu ya kupimia mfukoni.

Mzee Kasimiri alimtazama machoni, kwa mara ya kwanza tangu amwoze binti yake. Akaliondoa taulo. Akaunyanyua mkono wa kushoto kwa mkono wa kulia, akamkabidhi. Ulikuwa mwepesi na wa baridi. Masolwa alipima kutoka begani hadi kiwikoni, kutoka kiwikoni hadi kiganjani.

"Itawezekana?" mzee aliuliza.

"Itawezekana, baba! Mpaka mavuno utakuwa unaendesha kama zamani."

"Nitaendesha."

"Ndiyo, baba."

"Advera alifika kwake. Leonia alifika kwako. Minza naye amefika, umempeleka wewe." Mzee alisema bila hasira, kama mtu anayeuliza njia. "Sasa ukishamaliza hiyo liva yako, nimpeleke nani?"

Masolwa aliendelea kuushikilia ule mkono kwa sababu hakujua auweke wapi.