Kite Mbele ya Mkwe

Venant Rwekaza alikuwa amesomea maumivu miaka mingi kuliko kitu kingine chochote. Huko Ulaya alijifunza kwamba ndani ya ubongo mna vipokezi, mahali padogo mno ambapo dawa hushika na maumivu yakanyamaza, na kwamba mwili nao hujitengenezea dawa yake. Aliwahi kumwona panya aliyeunguzwa unyayo akiacha kuulamba mara tu alipoonyeshwa paka.

Alirudi Mwanza wakati maduka ya dawa ya watu binafsi yakichipuka mtaa wa Mabatini kama uyoga. Mofini, dawa kali ya kutuliza maumivu, haikuwa ya kuuzwa dukani hata hivyo. Ililetwa hospitali kwa treni kutoka Dar es Salaam, nayo ilikuwa haba. Kazi ya Rwekaza ikawa kuchunguza jinsi wagonjwa wa saratani wanavyoipokea. Kila asubuhi alipita wodini akimwomba kila mmoja aonyeshe maumivu yake kwa vidole vya mkono. Aliyenyoosha vitano alipimiwa dawa ya kutosha. Aliyenyoosha kimoja alionjeshwa tu.

Ndipo mama mkwe wake, Mama Maige, alipoletwa kutoka Magu, saratani ya kizazi imeshafika mifupani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba." Alijibu akiwa ameuelekeza uso ukutani, kanga imefunika kinywa, kama adabu ya Kisukuma inavyomtaka mama mbele ya mume wa binti yake.

"Maumivu yakoje leo?"

Kidole kimoja kikachomoza chini ya kanga.

Rwekaza alikuwa Mhaya, lakini adabu hiyo hakuwa mgeni nayo. Alidhani ni ya salamu na ya mezani. Hakudhani inaingia mpaka kwenye mifupa. Akaandika moja. Hata akamwambia daktari wa wodi, kwa fahari kidogo, kwamba vipokezi vya mama huyu vinaishika dawa vizuri ajabu.

Jumatano mchana, wingu zito likitokea ziwani, alirudi kuchukua mwavuli aliousahau. Alipopita nyuma ya wodi akasikia kutoka dirishani mtu akipiga kite, sauti nzito, kama ya ng'ombe aliyelala akashindwa kuinuka. Akaingia mbio. Wodi ilikuwa kimya.

"Nani alikuwa anaumia hivyo?"

Mama Maige alikuwa ameutazama ukuta. Bibi Chenge wa kitanda cha jirani, ambaye ugonjwa ulikuwa haujamfunga mdomo, akacheka kikavu.

"Daktari, dawa yako kubwa ni hivyo viatu. Vikisikika tu mlangoni, mwenzangu kapona. Vikitoka, hatulali humu."

"Chenge, nyamaza," Mama Maige akanong'ona. "Usinitie aibu mbele ya mkwe."

Rwekaza akaitazama ile kanga. Upindo wake wote ulikuwa umetobolewa kwa meno.

Mkewe, Suzana, alimkuta barazani, chupa ya uji mkononi.

"Ulijua mama anaumia hivi?"

"Nani asiyejua? Nikiwa naye analia mpaka anaishiwa pumzi. Nilidhani unajua na wewe. Si ndiyo elimu yako?"

"Mimi ananionyesha kidole kimoja."

"Ulitaka akunyooshee vitano? Wewe, uliyemwoa binti yake? Venant, hata maji ya kunywa hawezi kukuomba!"

Rwekaza akamkimbilia daktari wa wodi. Chupa ya mofini ilikuwa imebaki na vijiko viwili. Nyingine yote ilikwenda kwa walionyoosha vitano, kwa maelekezo yake mwenyewe, na treni ilikuwa imekwama njiani kwa sababu ya mvua. Akampa Suzana chupa hiyo.

"Mpe yote. Na umwambie nimesafiri. Nimekwenda Misungwi, nitakawia."

Suzana akaipokea chupa, akaingia.

Rwekaza akaenda kuketi kwenye jiwe nyuma ya wodi, chini ya dirisha.

"Mama, kunywa. Mkwe wako amekwenda Misungwi."

"Kweli?"

"Kweli, mama. Hayupo."

Kwanza ilisikika pumzi ndefu, kama ya mtu anayetua mzigo. Kisha Mama Maige akaanza kulia kwa sauti, akimwita mama yake mzazi kwa Kisukuma, na Rwekaza akamsikiliza mpaka mvua ikamfika.

Ijumaa mama alifariki, treni haijafika. Suzana anasema mpaka mwisho alikuwa akiuliza kama mkwe hajarudi, na kila alipojibiwa bado, alishukuru.