Mgeni Hula Kwanza

Muhogo mchungu hutaka siku nne majini. Siku ya kwanza maji hugeuka rangi, ya pili hunuka, ya tatu muhogo huanza kulegea, na ya nne ukiubonyeza kwa kidole unabonyea kama tunda bivu. Hapo ndipo sumu imetoka. Febronia aliyajua hayo tangu hajaolewa. Lakini asubuhi ile aliutoa muhogo wake ukiwa umelala majini usiku mmoja tu, mgumu vilevile kama alivyouchimba, akauanika juu ya jiwe, akakaa kando na kijiti cha kumfukuzia kuku. Kuku mwenyewe alibaki mmoja.

Maji hayakuwapo, ndiyo sababu. Bwawa la Nyabusalu lilikuwa tope, na ndoo moja ya maji ilikuwa safari ya nusu siku kwenda na kurudi. Nani angeyaacha maji ya kunywa yakae na muhogo siku nne? Basi watu wakaula hivyohivyo. Ulikuwa mchungu, wakaumeza.

Anisia, mjukuu wake wa miaka mitano, alikuwa amelala juu ya ngozi ya mbuzi kwenye kivuli cha ghala. Wiki tatu zilizopita alikwenda na wenzake kuokota kuni, akarudi anatembea kwa ncha za vidole, magoti yanagongana. Kesho yake hakuinuka. Hakuwa na homa, hakulia. Miguu ilikuwa imekakamaa tu, kama mipini ya majembe. Febronia alimbeba mgongoni mpaka zahanati ya misheni, na sista akamgonga magoti kwa kinyundo kidogo, akauliza nyumbani wanakula nini. Alipojibiwa alikiweka kinyundo chini.

"Dawa sina, mama," alisema baadaye. "Apate chakula kingine. Chochote ambacho si muhogo huo. La sivyo hali hii itapanda mpaka mikononi."

Febronia aliitikia ndiyo, sista, kama mtu aliyeambiwa abadilishe duka. Akambeba mtoto, akarudi.

Chakula kingine kilikuwapo ndani ya nyumba, hilo tusilifiche. Kilikuwa mtungi mmoja wa uwele, umechanganywa na majivu, mdomo wake umezibwa kwa samadi. Lakini ule ulikuwa mbegu, na mbegu si chakula. Anayekula mbegu amekula mwaka wake ujao, na wa watoto wake. Mara mbili Anisia aliunyoshea mtungi kidole, na mara mbili bibi yake alisema mvua ikinyesha tutapanda, mama, halafu tutakula mpaka tutupe. Mtoto hakuuliza mara ya tatu. Baba yake, Onesmo, alikuwa ametolewa kwenye mashimo ya dhahabu ya Geita akapelekwa na mgambo vitani Kagera. Mama yake alikufa siku alipomzaa.

Jua lilipopanda akaja Marselino, mwenyekiti wa kijiji. Alikuwa amevaa shati lake la mikutano, na shingo yake ilikuwa imepungua ndani ya kola mpaka ungetia ngumi. Alikataa kigoda, akachuchumaa. Katika kijiji kizima ndiye aliyekuwa na redio, kwa hiyo habari zote kubwa zilitoka kinywani mwake, na hii ilikuwa kubwa. Alisema kuna nchi moja ya nje, kubwa, imetangaza kuleta meli nzima ya mahindi kwa ajili ya ukame. Ila katika barua yao mna maneno juu ya vita: kwamba jeshi letu lisimame pale lilipo, tukae mezani na adui kwanza. Rais hajajibu. Amewaita wakubwa wake, wanabishana siku ya sita hii. Wapo wanaosema watu hawali heshima, tupokee. Wapo wanaosema mkono ulionyoshwa kuomba hauwezi kushika bunduki. Basi ametuma watu wapite mikoani waone kama kweli wananchi wanakufa njaa, au wanaweza kungoja.

"Wetu anakuja Alhamisi," alisema Marselino. "Akiandika kuna njaa, meli inakuja. Akiandika tunavumilia, ndiyo basi."

"Aje aone," alisema Febronia. "Muhogo huu hapa. Mtoto huyo hapo."

Marselino akacheka kidogo, kicheko cha aibu. "Mama Onesmo. Mtu ametoka Ikulu, wewe umpokee na sufuria tupu? Tangu lini? Ale kwanza. Akishashiba tutakaa naye tumweleze yote, neno kwa neno."

Akautazama mtungi, halafu akamtazama kuku.

Febronia hakubisha, kwa kuwa jambo lenyewe lilikuwa kweli. Kwao, tangu enzi za mababu, mgeni haambiwi shida akiwa na njaa. Hunawishwa, hula, hunywa maji, ndipo mwenye nyumba husema, haya, tupe habari, na zetu ni hizi. Ukimtangulizia msiba wako kabla ya chakula umemfukuza. Atakwendaje kukusemea kwa watu, naye umemfukuza? Lakini aliyekula ugali wako ameshaingia ukoo. Atalibeba neno lako kama la mama yake. Hivyo ndivyo alivyolelewa, na katika miaka hamsini na mitano hakuwahi kuona likienda vingine.

Jumatano akauvunja ule muhuri wa samadi. Alipepeta majivu, akasaga kwenye jiwe, polepole, asimwage hata punje. Anisia alimtazama tangu mwanzo hadi mwisho.

"Bibi, mbegu zimekuwa chakula?"

"Za mgeni," alisema Febronia.

Mtoto akageuza uso upande wa ukuta.

Alhamisi asubuhi Marselino alipita nyumba kwa nyumba. Walikuwapo watoto kumi na mmoja wenye ugonjwa huo wa miguu, na wote walipelekwa kigangoni, kanisa dogo la kijiji, wakalazwa kwenye mikeka kati ya mabenchi. Hakumlazimisha mtu. Alisema tu kwamba mgonjwa hawekwi mbele ya sahani ya mgeni, akishakula tutampeleka kuwaona, na kila mama akaliona hilo kuwa adabu. Febronia alimbeba wake mwenyewe. Akamlaza chini ya picha ya njia ya msalaba, ile ya kituo cha tatu, Yesu anaanguka mara ya kwanza, akampa kipande cha muhogo.

Landrova ilifika saa saba mchana badala ya saa nne. Mgeni aliitwa ndugu Eustace. Hakuwa mtu wa kiburi. Alimwambia Febronia shikamoo kabla hajasalimiwa, na macho yake yalikuwa mekundu kwa vumbi na kwa kukosa usingizi; alisema hiki ni kijiji cha tisa. Akanawishwa. Ugali wa uwele uliletwa umefunikwa, na kuku ameungwa kwa karanga ambazo wanawake wanne walichangia, kila mmoja kiganja chake. Firigisi aliwekewa yeye. Wanakijiji walikaa mbali kidogo, wameinamisha nyuso, kama inavyopasa mtu anapokula. Harufu iliwafikia. Hakuna aliyesogea.

Alikula vizuri, hata dereva alikula vizuri. Alipofuta vidole alitoa daftari, akaandika kwa muda, na Febronia aliyekuwa amepiga magoti na kata ya maji akafikiri: sasa. Sasa ndiyo saa yake.

Lakini mgeni ndiye aliyetangulia. "Mama zangu, baba zangu, nashukuru sana. Nilikotoka juzi walinipa uji wa ukwaju, nikasikitika. Hapa nimekula kama harusini. Nitasema hivyo Dar es Salaam."

Marselino akakohoa. "Ndugu mgeni, kuna maneno kidogo. Sisi hapa, kusema kweli, hali yetu..." Akatafuta msaada kwa macho, na macho yake yakamwangukia Febronia.

"Hicho ulichokula ni mbegu, baba," alisema Febronia.

Mgeni alitazama bakuli. Lilikuwa tupu, limefutwa kwa tonge la mwisho.

"Mbegu?"

"Ya kupanda. Haikubaki nyingine. Na kuku alikuwa huyo mmoja. Mjukuu wangu hatembei, tunakula muhogo mbichi wa sumu. Wako kumi na mmoja, tumewaweka kanisani."

Ndugu Eustace alifunga kalamu, akaifungua tena. Uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa na uchovu wa mtu aliyeletewa mzigo baada ya gari kujaa.

"Mama, mbona hamkuniambia nilipofika?"

"Ulikuwa hujala."

Mgeni akamsogelea. Halafu akasema kwa sauti ya chini, kana kwamba wako wawili tu: "Sasa mimi niandike nini? Niandike nimekula kuku na ugali, chini yake niandike watu hawana chakula? Mezani kwa Rais wamekaa watu wanaosema njaa hii ni uvumi wa maadui. Wataisoma wacheke. Watasema wamemlisha mpaka akavimbiwa, ndipo akawaonea huruma." Akageukia kusanyiko, akapaza sauti. "Mwenye mtoto vitani anyoshe mkono."

Mikono saba ilinyoshwa. Wa Febronia ulikuwamo.

"Wale wamebakiza kidogo tu wavuke mpaka wamalize kazi. Mahindi hayo yakija, yanakuja na sharti wasimame. Ndilo Mzee analotaka kujua, hana lingine. Mnaweza kuvumilia?"

Nani angejibu? Mtu aseme hapana, hatuwezi, mwambie mwanangu ashushe bunduki nile? Marselino aliangalia vidole vyake vya miguu. Wengine wakaguna, ule mguno wa mkutanoni usio ndiyo wala hapana, na mgeni akauandika.

"Watoto wako kanisani, ni hapo tu," alisema Febronia.

Dereva alikuwa ameshawasha gari. Ndugu Eustace alitazama saa, akasema lazima alale Geita, kuna kijiji kingine njiani wanamngoja tangu asubuhi. Nikirudi nitapita, mama, nakuahidi. Akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Mikono ilinukia karanga.

Wanakijiji walimngoja Ijumaa, wakamngoja Jumamosi na watoto wao palepale kigangoni, wasije wakawarudisha halafu akafika. Jumapili padri hakuja, mafuta ya gari hayakupatikana, kwa hiyo watoto hawakuwa wanamsumbua mtu. Jumatatu mpita njia mwenye baiskeli akasema alisikia wageni wote wa serikali walirudi kwa ndege kutoka Mwanza. Febronia akaenda akambeba Anisia. Siku hiyo ndipo alipoona kwamba mtoto hakamati tena kikombe kwa mkono wa kushoto.

Habari ilitoka kwenye redio ya Marselino, taarifa ya mchana. Msomaji alisoma kwa sauti safi. Kwamba serikali inazishukuru nchi zote rafiki kwa nia yao njema. Kwamba taarifa zilizokusanywa mikoani zimeonyesha wananchi, licha ya ukame, wana akiba na ari. Kwamba misaada yenye masharti haitapokelewa wakati huu. Baadaye ikafuata habari ya mapigano, mji mwingine umetekwa, na watu wakapiga makofi machache kwa sababu ndivyo ilivyokuwa desturi ya taarifa ile. Marselino akazima. Alisema anaokoa betri.

Febronia alipiga makofi pia. Aliishtukia mikono yake ikipiga.

Mwezi uliofuata mvua ilinyesha mara moja, nzuri, ya kulowesha udongo mpaka kiwikoni. Watu walitoka nje wakasimama mashambani mwao. Wachache walikuwa na cha kupanda. Wengine walisimama tu, halafu wakarudi ndani. Kwa wiki ile moja maji yalikuwapo ya kuloweka muhogo siku zote nne, lakini muhogo wenyewe ulikuwa umekwisha.

Ndipo lori likaja. Lilisikika tangu mbali likipanda kilima, na watu wakalikimbilia, hata wazee. Juu yake alikuwa amekaa katibu wa kata, bwana Kamili, kijana mnene kiasi mwenye sauti ya mkutano. Nyuma yake magunia yalirundikwa mpaka juu ya bodi.

Mlango wa nyuma wa lori ulipofunguliwa, magunia yalianguka chini bila kishindo. Yalikuwa matupu.

Bwana Kamili alisimama juu ya tairi la akiba akafungua barua. Alieleza kwanza kwa maneno yake mwenyewe: kwamba wilaya nzima hii vijiji viwili tu vimetajwa kwa jina katika ripoti iliyofika kwa Rais, na kimoja ni Nyabusalu. Kwamba si jambo dogo. Na kwa kuwa ninyi mmeonekana mna akiba, mmepangiwa kuchangia magunia sitini ya nafaka kwa ajili ya askari wetu walio mbele. Kila kaya gunia moja, lori litarudi baada ya siku kumi na nne. Kisha akaanza kuisoma barua yenyewe, polepole, akisimama kwenye kila nukta.

Febronia alipewa gunia lake. Lilikuwa la zamani, la nchi za nje, lina maandishi ya kijani ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma na picha ya hindi iliyofifia. Alilikunja ili alikalie. Kidole chake kikagusa kitu kigumu kwenye pembe, ndani ya mshono. Akalikunjua. Akaligeuza ndani nje, akaupasua mshono kwa ukucha. Zilikuwa punje tatu za njano, mbili zimeliwa nusu na dumuzi. Alizifunga kwenye pindo la khanga, akahamia pembe ya pili.

Salvina, jirani yake, alimwona. Akaligeuza la kwake.

Halafu mwingine. Halafu uwanja mzima ukawa wa watu walioinama, wanageuza magunia, wanayakung'uta, wanakwaruza mishono kwa kucha na kwa meno, na vumbi jeupe la unga wa kale likapanda mpaka likamfikia bwana Kamili pale juu. Alikuwa amefika kwenye maneno "kwa ukarimu wenu." Akaweka kidole kwenye mstari asiupoteze, akawatazama kwa subira.

"Yaliyotoboka msihangaike nayo," alisema. "Yarudisheni, mtabadilishiwa."

Hakuna aliyeinua kichwa. Akangoja kidogo, kisha akaendelea kusoma.